Tanki la tatu

Mwalimu mkuu alitutoa ofisini, akatupitisha nyuma ya madarasa ya watoto wadogo, akasimama katikati ya matanki mawili meusi ya lita elfu kumi kila moja, akageuka na kutuuliza kwa upole kabisa: "Sasa hili lenu tuliweke wapi?"

Hakuwa anatukejeli. Alikuwa ameshatafuta mahali, amepima kwa hatua, na mawe manne yalikuwa chini tayari kuonyesha kona.

Tulikuwa watatu, mwenyekiti wa klabu yetu ya magari ya 4x4, mweka hazina na mimi, tumetoka Nairobi mapema tukashuka Mai Mahiu tukashika ile rafu rodi ya kuingia upande wa Suswa, vumbi mpaka ndani ya masikio, na kazi iliyotupeleka ilikuwa nyepesi: tuone shule, tupige picha za "kabla", turudi mjini tumwambie mwenye duka alete tanki. Mwenyekiti alikuwa ashapiga hata simu kuuliza kama nembo ya klabu inaweza kuchapwa juu yake kwa rangi nyeupe.

Nikagonga tanki la kwanza. Tupu. La pili, tupu pia.

Yalikuwa yameletwa na vikundi viwili tofauti, miaka tofauti, kila moja na nembo yake. La kwanza halijawahi kuunganishwa na paa, yaani hakuna gata ya kukinga maji pembeni ya paa, hakuna bomba, hakuna chochote, limesimama tu pale likipigwa na jua. La pili lilikuwa na kipande cha gata kinachoning'inia upande mmoja, bomba la kushusha maji halipo, na koki ilikuwa imevunjika ikazibwa na kijiti kilichofungwa kwa mpira wa tyubu.

"Na maji ya watoto yanatoka wapi, Mwalimu?" mweka hazina akauliza.

"Wanakuja nayo, madam. Kila mtoto na kamtungi kake."

"Hili la kwanza mbona halijaunganishwa?"

"Walioleta walisema fundi anafuata."

Fundi hakufuata.

Laki sita na arobaini

Nikupe hali ya pesa kwanza. Harambee yetu ya mwaka huu ilienda vizuri kuliko mtu yeyote alivyotarajia, magari yalikuja, wenye gereji wakatoa tairi za bahati nasibu, kuna jamaa alinunua mbuzi mmoja kwa mnada kwa bei ya ng'ombe, na tukishalipa ambulensi ya siku hiyo, mahema, vyoo vya kukodi na chakula cha wale waliokaa juani kutwa wakihesabu magari, tukabaki na shilingi 640,000.

Mweka hazina aliposoma hiyo namba kwa miting yetu kule Kiserian watu walipiga makofi, nyama ikaletwa, na kabla haijaisha vita vilikuwa vimeanza.

Kambi ya kwanza ilitaka vifaa vya klabu. Kambi ya pili ilitaka tanki, haraka, na picha. Kambi ya tatu, ndogo lakini yenye sauti, ilisema sisi ni watoto tukicheza, hizo pesa tuzipeleke kwa Rhino Ark, lile shirika la kuzungushia misitu fensi ya umeme, ziingie kwa fensi, mambo yaishe.

Mimi nilikuwa kambi ya tanki. Nilinyoosha mkono na kila kitu. Ilikuwa imepita, ikabaki tu hiyo safari ya kwenda kuona shule, na kama mwalimu asingeuliza lile swali lake tungekuwa tumeshapiga picha ya "baada" kitambo. Badala yake nimekaa na hii kitu kichwani wiki baada ya wiki, naamka nayo, naenda nayo kwa jam ya Ngong Road.

Watu wa vifaa si wachoyo

Niseme hivi mapema manake kwenye grupu ya WhatsApp wamepakwa matope sana. Kuna mwaka gari letu moja lilipinduka mbali huko nyuma ya Magadi, mahali simu inakuandikia tu hakuna mtandao. Dreva akaumia mgongo. Ilibidi gari lingine lirudi mwendo mrefu mpaka pahali simu inashika ndio lipige kuomba msaada, na muda huo wote jamaa amelala chini ya turubai, anaongea vizuri, anauliza kama Land Rover yake imeharibika sana, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyejua kama tumsogeze au tusimguse.

Alipona. Bado anaendesha. Lakini ukishakaa kando ya mtu kwa hali hiyo hauwezi kumcheka mwenzako anayesema klabu inahitaji redio, machela, simu ya satelaiti na mafunzo ya huduma ya kwanza kabla ya kuhitaji kitu kingine chochote.

Mmoja wao alisema, mdomo umejaa ugali, "Ukishakufa huwezi kumchangia mtu maji." Watu wakacheka lakini ilikuwa hoja.

Tena si hoja ya starehe. Ukitoka Nairobi na gari la 4x4, ukiendesha kwa masaa mawili hivi ushafika mahali ambapo msaada wa maana unakuja kwa ndege. AMREF Flying Doctors wamefanya hiyo kazi kutoka uwanja wa ndege wa Wilson tangu 1957, na mpango wao wa kulipia kila mwaka uko wazi kwa mtu yeyote, na bado ukiuliza kwa klabu yetu nani amelipia, mikono inayoinuka unaihesabu ukiwa umefumba jicho moja. Tunanunua tairi za matope za bei ya mahari na hatulipii ndege ya kututoa.

Kwa hivyo nakubali vifaa vinahitajika. Swali langu ni vinunuliwe na mfuko gani.

Bango lilisema nini

Bango letu la harambee liliandikwa kwa herufi kubwa: pesa zote ni za maji ya shule. Mimi mwenyewe nililisambaza kwa watu ambao hawajawahi kukanyaga matope kwa hiari maisha yao yote. Mlinzi wa ploti tunayoishi aliniona nikibandika stika kwa Jimny, akauliza ni ya nini, nikamweleza, na jioni nikaona M-Pesa, shilingi mia mbili, na kaujumbe kake kwamba na yeye alisoma shule isiyo na maji.

Hiyo mia mbili haiwezi kugeuka antena ya redio juu ya gari langu.

Nimejaribu kuipindua kila upande. Kuna mtu aliniambia, lakini bila klabu salama hakuna harambee mwaka ujao, kwa hivyo redio ni sehemu ya maji. Inaingia akilini, hadi uifuate mpaka mwisho, manake kwa njia hiyo hiyo winchi ni sehemu ya maji, shokabsoba ni sehemu ya maji, na ile nyama ya Kiserian pia ni sehemu ya maji.

Ambulensi ya siku ya harambee, sawa, hiyo ni gharama ya kukusanya pesa, inatolewa juu kabla hatujatangaza tulichobaki nacho. Redio tutakazotumia sisi Disemba tukienda jangwa la Chalbi kupiga kambi ni zetu. Zilipwe na ada ya wanachama. Kama ada haitoshi, ipandishwe, na wale wanaosema imepanda sana waonyeshe bei ya rimu zao. Na ikipandishwa ipandishwe na hesabu kamili, manake redio za VHF zinataka laiseni ya Communications Authority, na hicho ndicho kitu hakuna aliyeweka kwa bajeti pale mezani.

Akaunti mbili, basi. Pesa tuliyoomba watu, na pesa tuliyojichanga wenyewe. Mweka hazina anasema amekuwa akilia kuhusu hili tangu achaguliwe.

Hesabu ya paa

Tukiwa bado pale shuleni nilipima lile jengo kwa miguu wakati mwenyekiti akipiga picha. Urefu karibu mita 24, upana kama 8. Paa la mita za mraba 190 hivi.

Milimita moja ya mvua kwa mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Hiyo tu ndio fomula. Toa kama sehemu moja kwa tano ya maji yanayoruka, yanayovuja, na yale ya kwanza machafu ambayo unayaacha yaoshe paa. Kwa hivyo usiku mmoja wa mvua ya milimita 20, mvua ya kawaida tu ya Aprili, unalipa hilo paa lita 3,000 na kitu.

Na zote zinaanguka chini, zinachimba mfereji kando ya ukuta, zinapotea kwa vumbi. Matanki mawili yamesimama hatua tatu kutoka hapo yakiangalia.

Tuseme mwaka mbaya, milimita 500 tu. Bado ni lita 76,000. Shule ina watoto kama 240. Ukimpa kila mmoja lita mbili za kunywa kwa siku, unatumia 480. Matanki yaliyopo yakijaa yanawapeleka siku 41 za masomo, zaidi ya nusu ya muhula, na hapo hujaongeza tanki lolote.

Nilimsomea mwenyekiti hizi namba kwa gari tukirudi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Sawa. Letu tutaliunganisha."

Letu! Yaani tuunganishe letu, tuyaache yale mawili yakikauka pembeni na nembo za watu wengine.

Sijui kama alisikia alichosema. Mweka hazina alisikia, niliona kwa kioo akigeuza uso dirishani. Tulikuwa tunapanda kurudi Mai Mahiu, bonde lile lile ambalo usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024 maji yalishuka yakabeba nyumba na watu, na mbele kidogo tu ya hapo tumewaacha watoto wanaotembea na mitungi. Maji ya kuua yapo na ya kunywa hayapo, na yote ni mvua ile ile.

Mvuke

Kuna mtu ataniuliza mbona tusichimbe kisima. Tuliulizwa, tena na sponsa wetu mkubwa.

Kwanza kisima cha kuchimbwa na mashine ni pesa za mamilioni, na laki sita haifikii hata kubisha hodi. Pili, sehemu nyingi za Bonde la Ufa maji ya chini ya ardhi yana floraidi nyingi, kuliko ile miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani limeweka kama kikomo, na ndio maana unakutana na watu wa huko wenye meno ya rangi ya kahawia tangu utotoni, na ikizidi sana inaingia kwa mifupa. Maji ya paa hayana hiyo shida. Yana kinyesi cha ndege, ndio, lakini hicho kinatibika.

Tatu, watu wa Suswa wanajua mambo ya maji kuliko sisi. Kule juu mlimani, kwenye volkeno yenyewe, mvuke unatoka kwa nyufa za ardhi, na wenyeji Wamaasai wanautega kwa mabomba, ukipoa unageuka matone, matone yanaingia kwa pipa. Maji kutoka kwa moshi wa mlima. Wengi wetu tumepiga picha na hayo mabomba tukienda kuona mapango, tukaweka kwa mtandao, tukaondoka. Halafu ndio sisi tunakuja kutoka Nairobi kuwafundisha kuhusu tanki.

Mtu anayeweza kukinga mvuke hashindwi na gata. Kinachomshinda ni bei ya gata.

Wale wa 1989

Kambi ya fensi ilinipa shida kuliko zote, manake mimi naipenda hiyo fensi.

Rhino Ark ilianzishwa 1988 na Ken Kuhle, na Rhino Charge ya kwanza, yale mashindano ya magari ya kuichangia, ikafanyika 1989, magari 31, wakakusanya shilingi 250,000. Siku hizi kila mwaka inavuka milioni mia moja. Na pesa ziliingia wapi? Kwa fensi moja ya umeme kuzunguka milima ya Aberdare, kilomita kama 400, iliyokamilika 2009. Miaka ishirini! Ukihesabu marais, walianza wakati wa Moi na ikafunguliwa na Kibaki. Baada ya hapo ndio wakaenda msitu wa Eburu, wakaenda Mlima Kenya.

Na sisi wa Nairobi tuna deni hapo, manake maji mengi tunayooga nayo yanatoka bwawa la Ndakaini, na Ndakaini inajazwa na mito ya Aberdare. Kwa hivyo sipingi mtu akisema tupeleke huko.

Lakini nilichochukua kwa hiyo stori ni kingine. Walikaa na kitu kimoja. Hawakufanya fensi mwaka huu, mwaka ujao viatu vya watoto yatima, mwaka unaofuata miti, mwaka mwingine magodoro. Sisi ukiangalia rekodi zetu ndivyo tulivyo, kila mwaka kaunti nyingine, bango lingine, tisheti rangi nyingine. Tunapenda safari mpya, na hiyo tabia imehamia kwa pesa.

Tena fensi ya umeme haijawahi kuisha hata siku moja. Nyasi zinaota zinagusa waya umeme unapotea, ndovu anasukuma nguzo, mti unaanguka usiku wa mvua. Kuna watu wanaitembelea, wanafyeka, wanakaza, wanabadilisha nguzo, kila mwezi wa kila mwaka, na hakuna anayekuja kukata utepe.

Kwa hivyo nikawaambia kambi ya fensi, naona mko sawa kuhusu fensi ila mmesoma ukurasa mmoja tu.

Jibu likawa, "Sisi si Rhino Charge." Kweli. Na wao 1989 hawakuwa Rhino Charge.

Makorongo

Hapa nipite haraka manake ni mada ya siku nyingine na itanigombanisha.

Udongo wa Suswa ni wa majivu ya volkeno, mwepesi, ukiuvunja ngozi ya juu mvua inaubeba. Makorongo ya huko mengine yanaweza kumeza lori. Hatukuyaanzisha sisi, lakini kila tukipita baada ya mvua, gari la kwanza linachimba njia, la pili linaikwepa kwa kupita pembeni, la tatu linakwepa la pili, na jioni njia moja imekuwa tano. Kuna mzee alitusimamisha mwaka mmoja akasema tu, "Nyinyi mnafurahi hapa, sisi tunachunga hapa." Mwenyekiti wa wakati huo akampa kofia ya klabu.

Kuna waliopendekeza sehemu ya hizi laki sita iende kwa kuziba hizo njia kwa mawe na waya. Mimi nasema hapana, kwa sababu ile ile ya redio. Uharibifu wetu ulipwe na sisi. Uwekwe kwa ada ya kuingia, kila gari, kabla injini haijawashwa. Mlinzi wa ploti yangu hajachimba korongo lolote.

Picha ya gata

Sasa sponsa. Huyu ana gereji kubwa, ametupa pesa miaka yote, roho safi, na nilipomweleza kwamba labda hakutakuwa na tanki jipya aliniuliza swali ambalo bado sijapata jibu lake zuri: "Dadangu, stika yangu nitaibandika kwa gata?"

Nilicheka, yeye hakucheka.

Anamaanisha. Yeye hutoa pesa kwa bajeti ya matangazo, na lazima aonyeshe washirika wake kitu. Tanki lina uso. Gata haina uso. Mshahara mdogo wa fundi wa kupanda juu ya paa kila Februari kutoa majani na viota kabla mvua ya masika haijaanza, huo hauna hata mgongo. Na yale matanki mawili yaliyokauka, nina hakika yana picha nzuri mahali fulani, watoto wamejipanga mbele, mtu ameshika mkasi.

Sitaki kuwasema walioyaleta. Walileta kitu ambacho pesa yao ilikuwa imeahidiwa kuleta. Inawezekana bajeti iliandikwa "tanki" na mhasibu akalipa tanki. Na sisi tulikuwa tunafanya vivyo hivyo, neno kwa neno.

Suluhu niliyomwambia sponsa ni ubao mmoja ukutani, majina ya wote, pamoja na wale wawili wa kwanza. Akasema atafikiria. Nikimsikiliza sauti, naona tumempoteza kwa mwaka ujao, na hiyo ni pesa halisi, si ya kupuuza. Nimeiweka kwa mizani. Bado naona afadhali.

Pale ambapo sina uhakika

Kitu kinachonisumbua usiku ni hiki. Tukilipa fundi kila mwaka, shule itawahi kulipa yenyewe?

Mweka hazina anafanya kazi ya uhasibu na anajua mambo ya shule, akanifanyia hesabu kwa karatasi ya nyama. Serikali inatoa shilingi 1,420 kwa kila mtoto wa msingi kwa mwaka. Watoto 240, hiyo ni 340,800, na hapo ndani kuna chaki, mitihani, karatasi, ukarabati, kila kitu, na mara nyingi zinafika zimechelewa. Ukiiambia bodi ya shule itoe elfu hamsini kwa mabomba, unaiambia iache kununua kitu kingine.

Kwa hivyo tulipe sisi. Lakini hadi lini? Tukichoka? Klabu za Nairobi zinazaliwa na kufa, watu wanaoa, wanauza Prado wananunua gari la kubeba watoto. Tukifa mwaka wa tatu tutakuwa tumefanya kile kile cha "fundi anafuata", tofauti ni kwamba tumechelewa.

Nimeona njia moja tu isiyo na aibu. Pesa ya matunzo itengwe sasa, yote, iwe imeandikwa, iwekwe kwa mfuko wa soko la fedha ipate faida kidogo, na isitegemee kama tutafanya harambee nyingine au la. Ikiisha imeisha, na shule inajua tarehe tangu leo.

Mwalimu mkuu nilimpigia nikamwuliza anaonaje. Alikaa kimya muda, nikadhani laini imekatika. Akasema, "Kwa hivyo tanki halikuji?"

Nikamweleza tena. Akasema ameelewa, ni sawa, ni vizuri, asante sana madam. Sikufurahia ile "asante sana". Nilikuwa nikiongea kuhusu paa lake nikiwa nimekaa kwa kiti cha ofisi Nairobi nikinywa chai, na yeye ameshapanga mawe.

Nilichopeleka kwa kamati

Gata kwa jengo lote, mabomba ya kushusha, sehemu ya kumwaga maji ya kwanza, koki mpya za chuma ndani ya kizimba cha kufuli, misingi ya matanki yote mawili irekebishwe: tumekadiria 170,000. Fundi na spea, elfu hamsini kwa mwaka, miaka minne, 200,000. Hiyo inabakisha 270,000 na hiyo tusiiguse mpaka misimu miwili ya mvua ipite. Kama matanki yatakuwa yanafurika, na kwa hesabu yangu ya paa yatafurika, hapo ndio tununue la tatu, na tuliweke pale pale mwalimu alipoweka mawe yake.

Mwenyekiti alisoma akasema, "Yaani tumepiga kelele nusu mwaka ndio tukaweke mabati pembeni ya paa." Kambi ya vifaa wameniunga mkono, ajabu, kwa sharti kwamba ada ipandishwe kwa kura hiyo hiyo. Kambi ya fensi watajiweka kando. Kambi ya tanki, wenzangu wa zamani, hawanisalimii vizuri. Kura ni baada ya mwisho wa mwezi na kwa kweli naweza kushindwa.

Mweka hazina alisema atanisimamia kama fundi atatoka huko huko na si Nairobi, ili siku koki ikivunjika atembee kwa miguu. Mwalimu akanipa namba ya mmoja. Nikampigia, nikamweleza maono yangu yote, maji, watoto, miaka minne, akanisikiliza mpaka mwisho kwa subira.

"Sawa, madam. Sasa hilo paa, pembeni lina ubao wa kushikilia gata, ama nitapigilia msumari wapi?"

Sijui. Nilikuwa naangalia juu ya bati. Jumamosi narudi huko na ngazi.